Padri Horner: Mfaransa aliyehamia Bagamoyo akaanza maisha kwenye vibanda vya makuti

Leo naomba siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, tuongelee mtu aliyekufa zamani sana, ila ukikanyaga Bagamoyo lazima upite kwenye kivuli cha kazi yake. Jina lake Antoine Horner. Wengine huandika Anton. Padri, Mfaransa, na kwa maoni yangu ni mmoja wa wageni waliobadilisha sura ya pwani hii kuliko wengi tunaowasoma shuleni.

Sisi vijana wa Bongo stori za kwenda majuu tunazijua kwa moyo. Fulani kazamia meli, fulani kapata viza, fulani katuma picha amesimama kwenye theluji anadai baridi inamtesa. Safari za kinyume, yaani mtu anatoka huko anakuja kuanza maisha kijijini kwetu, hatuzisemi sana. Tukimwona mzungu tunamwita mtalii au mwekezaji, yameisha. Huyu hakuwa mtalii wala mwekezaji. Alikuja kuishi. Ilibidi atafute kiwanja, ajenge, alale, ale, augue, agombane na majirani na apatane nao, kama mtu yeyote anayehamia mtaa mpya.

Mimi ni mtu wa pwani hii, na ile barabara ya miembe ya misheni nimeipita mara nyingi kiasi kwamba sihesabu tena. Nitamweleza Horner kama ninavyomwelewa. Anapostahili sifa nitampa, anapostahili kubanwa nitambana, maana kuna swali moja juu yake ambalo mpaka leo linanikaa kichwani.

ALIKOTOKA

Horner alizaliwa mwaka 1827 huko Alsace, mashariki kabisa ya Ufaransa, mpakani na Ujerumani, mto Rhine ukiwa ndio unaotenganisha. Ni nchi ya vijiji na mashamba ya mizabibu. Mambo ya kule yanafanana na ya kwetu mipakani: nyumbani watu waliongea lugha yao yenye asili ya Kijerumani, serikalini na shuleni kikaja Kifaransa. Mtu wa Namanga au Tunduma hapa ataelewa haraka ninachosema. Kwa mtoto wa Alsace kuishi na lugha mbili mdomoni lilikuwa jambo la kila siku, kwa hiyo kuongeza ya tatu na ya nne hakukumtisha.

Akasomea upadri, akajiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, wale ambao wengine mnawajua kama Waspiritani. Shirika likampeleka Réunion, kisiwa cha Wafaransa kwenye Bahari ya Hindi, jirani na Mauritius. Hapa pashike vizuri wadau, maana Bagamoyo ya Horner haieleweki bila Réunion.

Réunion kilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na wengi wao mababu zao walitoka Madagaska na pwani yetu hii hii. Tarehe 20 Desemba 1848 utumwa ukafutwa kule, na zaidi ya watu 60,000 wakawa huru. Mwaka uliofuata, 1849, likaanzishwa shirika la masista lililoitwa Mabinti wa Maria. Shirika hili liliwapokea hata wanawake waliowahi kuwa watumwa, wakavaa shela na kusali bega kwa bega na wanawake wa Kizungu. Kwa enzi zile hilo lilikuwa jambo kubwa. Horner alipofika kisiwani alikuta jamii nzima inajifunza kuishi baada ya minyororo: nani atalima, nani atalipwa, watoto watasomeshwa na nani. Majibu aliyoyaona kule ndiyo aliyokuja nayo kwetu, mazuri na mabaya.

UNGUJA KWANZA

Desemba 1860 kundi la kwanza kutoka Réunion lilishuka Unguja likiongozwa na Padri Armand Fava, wakiwemo masista wa Mabinti wa Maria. Walifungua hospitali na karakana ndani ya Mji Mkongwe. Mwaka 1863 Waspiritani wakakabidhiwa kazi hiyo, na Horner ndiye aliyekuja kuwa mkuu wake.

Unguja ya wakati huo ilikuwa chini ya Sultani Majid bin Said. Mji ulikuwa na pesa ya karafuu na pembe za ndovu, na soko la watumwa lilikuwa wazi kabisa, mchana kweupe. Mapadri walinunua watoto kwenye soko hilo kwa michango iliyotoka kwa waumini wa Ulaya, wakawachukua kuwasomesha. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono. Wasichana walikaa na masista.

Mmoja wao ni yule binti aliyeitwa Swema. Alitoka bara, kwa Wayao, akashuka pwani na msafara wa watumwa, mama yake akafia njiani. Alipofika Unguja alikuwa hoi kiasi kwamba waliokuwa naye walimzika wakidhani habari yake imekwisha. Kijana mmoja mtu wa Réunion akamsikia, akamfukua, akampeleka kwa masista. Horner aliyaandika maisha ya binti huyo, na yakachapishwa kitabu Ufaransa mwaka 1870. Kitabu kile kiliwatoa watu machozi na kiliwafungua mifuko. Sasa hapa nasema wazi: kilikuwa pia chombo cha kuchangisha fedha, na sauti ya Swema ilipita kwenye kalamu ya padri kabla ya kutufikia. Hata hivyo bila kalamu ile tusingejua kabisa kwamba aliwahi kuishi. Mamilioni ya wengine hawakuandikwa na yeyote.

KWA NINI BAGAMOYO

Unguja palikuwa padogo na pa gharama. Horner alitaka ardhi ya kulima, watoto wajitegemee chakula, na alitaka mlango wa kwenda bara. Mwaka 1866 alifanya safari ya kukagua pwani, na safari hiyo akaja kuiandikia kitabu. Mlango aliokuwa akiutafuta ulikuwa Bagamoyo.

Bagamoyo wakati huo ilikuwa ndio mwisho wa barabara kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kwa maelfu na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Walikaa miezi wakisubiri msafara wa kurudi. Walikuwepo Wahindi wenye maduka, Waarabu wenye mashamba, askari wa Kibaluchi wa Sultani, madiwani wa Kishomvi ambao ndio wenyewe wa mji, na Wazaramo wa nyuma ya mji ambao walikuwa na haki zao za kupata ushuru kwa mapatano ya zamani. Yaani ulikuwa mji wenye kelele, pesa na itifaki nyingi.

Tarehe 4 Machi 1868 misheni ikaanza rasmi Bagamoyo, kwa ruhusa ya Sultani Majid, kaskazini ya mji. Lakini wadau, karatasi ya Sultani ilikuwa kitu kimoja na kukaa kwa amani na wenyeji ni kitu kingine. Sultani yuko ng'ambo ya bahari. Diwani yuko hapa hapa na yeye ndiye anayejua shamba lile ni la nani na mnazi ule ulipandwa na babu wa nani. Kulikuwa na ubishi juu ya ardhi, na mapadri wakajifunza kwamba Bagamoyo mtu haingii kwa cheti. Anaingia kwa salamu, kwa zawadi, kwa kusubiri barazani mpaka mzungumzaji amalize, kwa kujua nani aanze kusalimiwa. Aliyekuja na haraka za Ulaya alipunguzwa haraka hizo na jua la pwani na mazungumzo yasiyokwisha.

VIBANDA, KIMBUNGA, NYUMBA YA MAWE

Makazi ya kwanza yalikuwa ya kienyeji kama ya jirani yeyote: miti, udongo na makuti. Ukitaka kuelewa ujasiri wa hao jamaa fikiria mtu aliyezoea nyumba ya Alsace, yenye moto ndani wakati wa baridi na stoo ya mvinyo chini, halafu analala chini ya makuti, mvua ya masika inapiga, mchwa wanakula sanduku lake la vitabu, na homa inambana kila baada ya wiki chache. Hakuna aliyejua homa ile inatoka wapi. Ilidhaniwa ni hewa mbaya ya mabwawa. Ilikuwa mpaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipoonyesha kwamba mbu ndiye mchukuzi. Kabla ya hapo mmisionari wa Bagamoyo alikuwa na kwinini yake, sala zake, na makaburi yaliyokuwa yakiongezeka nyuma ya kanisa. Nenda kasome miaka iliyoandikwa kwenye misalaba ile. Wengi walikufa vijana wadogo kabisa.

Halafu ikaja tarehe 15 Aprili 1872. Kimbunga. Unguja kilizamisha meli za Sultani bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Bagamoyo kiliangusha majengo ya misheni. Kazi ya miaka minne ikalala chini kwa siku moja. Na hii ilitokea wakati ambao pwani ilikuwa haijapumua vizuri baada ya kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua maelfu ya watu.

Mtu mwingine angefunga mizigo. Horner akaamua sasa wajenge kwa mawe. Mnara wa kanisa la kwanza ni wa mwaka huo huo wa 1872 na bado umesimama. Mwaka 1873 wakaanza nyumba kubwa ya mapadri, ile yenye baraza ndefu za matao. Nyumba ya masista ikafuata mwaka 1876, na humo ndimo ilimo makumbusho ya misheni. Mwaka huo huo likajengwa na lile pango la Mama Maria.

Sasa tuongee ujenzi, maana napenda mambo ya nyumba za kale. Kwa mbali ukiiona nyumba ile unaweza kudhani ni Ulaya. Ukisogea unakuta ni pwani tupu. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa matumbawe, mawe mepesi yenye vitundu yanayovutwa kutoka baharini au kuchimbwa nchi kavu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo kubwa la kuni, kisha kuyaacha yalale na maji. Dari ilishikwa na boriti za mikoko. Na boriti haina urefu wa kuchagua, ni kama mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni virefu na vyembamba. Mikoko ndiyo iliyopanga upana wa chumba cha tajiri na cha maskini. Kuta zilijengwa nene ili joto la mchana lichelewe kuingia, na baraza ikawekwa kukinga jua na kuvuta upepo wa bahari.

Kwa fundi hawakuhangaika sana. Vijana waliofundishwa useremala na uhunzi tangu Unguja walikuwepo. Vitu vingine vilikuja kwa jahazi kutoka Unguja, ambako maduka ya Wahindi yalileta bidhaa mpaka za Bombay. Kwa hiyo nyumba ya Mfaransa wa Bagamoyo iliwekwa pamoja na bahari nzima: mawe ya hapa, boriti za mikoko, biashara ya Wahindi, ibada ya Roma, na mikono ya watoto waliotoka Unyasa, Uyao na Uzigua. Hiyo mikono naomba msiisahau, nitairudia.

Nje ya nyumba wakapanda. Minazi kwa maelfu, bustani za mboga, na ile miembe ya barabarani ambayo imekua ikawa minene kama nguzo. Mbuyu ulioko karibu na kanisa inasemekana uliwekwa na mapadri mwaka 1868, na umeumeza mnyororo ambao baadaye Madame Chevalier alikuwa akifungia punda wake. Watembeza wageni wengine wanapenda kusema ule ni mnyororo wa watumwa. Hapana jamani. Ni wa punda. Historia ya utumwa Bagamoyo ni nzito ya kutosha, haihitaji kuongezewa chumvi.

MVINYO KWA STANLEY, JENEZA LA LIVINGSTONE

Mwanzoni mwa 1871 akaja mwandishi wa habari wa Kimarekani, Henry Morton Stanley, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone. Wakamkaribisha mezani. Stanley alishangaa kukuta shampeni na mvinyo mzuri wa Kifaransa kwenye pwani ya Afrika, na hakuacha kuliandika jambo hilo kwenye kitabu chake. Wapo waliocheka, wapo waliokasirika kwamba sadaka za maskini zinanywewa. Mimi naona kitu kingine. Mgeni akifika kwako unatoa kile kizuri ulichonacho kabatini. Sisi tungetoa halua na kahawa, wao wakatoa chupa. Ukarimu wao kwa wageni ulikuwa umeshakaa kipwani.

Mwaka 1873 akaja Mwingereza mkubwa, Sir Bartle Frere, aliyetumwa kumbana Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Aliikagua misheni akaisifu sana, mpaka akaitaja kuwa mfano wa kuigwa. Juni 1873 Barghash akatia saini na soko la Unguja likafungwa. Mwaka 1875 Waingereza wakaanzisha kijiji chao cha watu walioachiwa huru karibu na Mombasa, kikaitwa Freretown kwa jina la huyo Frere. Kwa hiyo Bagamoyo ya Horner ilitangulia, Mombasa ikafuata.

Na Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao wakafika Bagamoyo wakiwa wameubeba mwili wa Livingstone kutoka mbali kule Zambia ya leo. Mwili ulipumzishwa misheni, kanisani penye ule mnara, kabla ya kuvushwa Unguja na kwenda kuzikwa London mwezi Aprili. Ndiyo sababu wengi wanauita mnara wa Livingstone, ingawa yeye akiwa hai hakuwahi kuujua. Mnara umejengwa na wengine, umebebwa na jina la mpita njia.

KIJIJI CHA UHURU

Sasa tuje kwenye lile swali langu.

Mpango wa Horner ulikuwa hivi. Mtoto ananunuliwa au anakombolewa. Anasomeshwa dini na kazi. Akifika umri anaozwa. Kisha wenza wapya wanapewa kibanda na kipande cha shamba kwenye Kijiji cha Uhuru, kilichoanzishwa mwaka 1870 hapo hapo misheni. Baadaye familia kama hizo zinapelekwa bara kuanzisha vijiji vipya. Mwaka 1877 ndivyo ilivyoanza Mhonda, kule milima ya Nguru, na baada yake zikaja Mandera, Morogoro na nyingine. Kwenye makaratasi ni mpango safi kabisa.

Lakini maisha ya kijiji yalikwenda kwa kengele. Kengele ya kuamka, ya sala, ya kazi, ya chakula, ya kulala. Sehemu kubwa ya wiki mtu mzima alifanya kazi ya misheni, na muda uliobaki ndio ukawa wa shamba lake. Ndoa zilisimamiwa na mapadri. Kutoka kwenda mjini kwenye ngoma kulikatazwa. Na mji wenyewe uko pale pale mwendo wa dakika chache, una wapagazi, biashara, nyimbo, Ramadhani na Idi, na watu wanaoishi watakavyo. Haishangazi kwamba wapo waliotoroka. Mtu aliyekombolewa akakimbia nyumba ya aliyemkomboa... hilo neno tulitafakari.

Je, ule ulikuwa uhuru?

Wapo watakaosema hapana, ni utumwa uliobadilishwa jina, na kwamba kununua watoto sokoni kulimwongezea muuzaji faida. Hoja hiyo ya mwisho ni nzito. Hata wakati ule kuna waliowalaumu mapadri kwa jambo hilo. Kila mtoto aliyenunuliwa kwa huruma alilipiwa fedha ile ile aliyolipiwa wa kwenda shamba la karafuu.

Wapo watakaosema ndiyo, kwa sababu njia nyingine za watoto wale zilikuwa shamba, jahazi la kwenda Uarabuni, au kaburi kama la Swema. Kijijini hapakuwa na kuuzwa tena. Mume hakutenganishwa na mkewe. Mama hakunyang'anywa mwanawe kwa mnada. Mtu aliyewahi kusimama sokoni akikaguliwa meno anajua thamani ya hayo kuliko mimi ninayeandika nikiwa nimeshiba.

Mimi nasimama hivi. Horner aliwatoa watu kwenye jambo baya kabisa, na alitoa afya yake na miaka yake kwa ajili hiyo. Hilo ni kweli na tusimnyime. Lakini hakuwauliza wanataka kuishi vipi. Aliwapa uhuru alioupima yeye, kwa kipimo cha kijiji cha Ufaransa chenye kanisa katikati, shamba pembeni na kengele juu. Aliipenda picha hiyo kwa sababu ndiyo aliyoijua. Yeye mwenyewe aliposhuka Bagamoyo ilibidi asubiri, asikilize na abadilike ili akubalike na madiwani. Kwa waliokuwa chini yake hakufungua baraza kama hilo. Kwa wenye mamlaka alijifunza kuwa mgeni. Kwa wanyonge alibaki mwenye nyumba.

Na ile mikono niliyosema? Ukiisoma historia ya majengo yale utakuta mwaka, utakuta padri, utakuta mfadhili. Waliochoma chokaa na kupanda miembe wametajwa kwa ujumla tu. Lakini wajukuu wa wajukuu zao wako, Bagamoyo, Mhonda, Morogoro, na Dar kila mtaa. Huenda unayesoma hapa ni mmoja wao na hujui.

MTU ASIYE NA KWAO

Kuna jambo la kusikitisha upande wa Horner pia. Mwaka 1870 vita ikazuka kati ya Ufaransa na Prussia. Wafaransa wakapigwa, na mwaka 1871 Alsace ikachukuliwa na Ujerumani. Horner na wenzake, wengi wao watu wa Alsace, wakawa Bagamoyo wanasikia kwamba kijiji walichokiacha sasa kiko nchi nyingine. Michango kutoka Ufaransa nayo ikayumba. Mtu ulitoka kwenu ukiwa Mfaransa, ukirudi unakuta bendera nyingine. Nadhani hapo ndipo Bagamoyo ilipoacha kuwa kituo cha kazi ikawa nyumbani hasa.

Lakini mwili haukumruhusu kumalizia hapa. Homa na uchovu wa miaka mingi vilimshinda, akarudi Ufaransa kutafuta nafuu, na akafia Cannes mwaka 1880 akiwa na miaka hamsini na kitu. Hakuzikwa chini ya miembe yake. Mwenzake wa siku nyingi, Padri Étienne Baur, ndiye aliyebaki mpaka kufa kwake Bagamoyo mwaka 1913.

Na kipimo cha kwamba wageni wale walishakuwa majirani kilikuja baada ya Horner. Mwaka 1888 Wajerumani walipoingia kwa ubabe na pwani ikasimama na Abushiri bin Salim, mji ukawaka. Misheni haikuchomwa. Maelfu ya watu wakakimbilia kwenye viwanja vyake, na Baur akawa anazungumza na Abushiri, akisaidia mpaka kuwakomboa wamisionari wa Kiingereza waliokuwa mikononi mwake. Abushiri aliwatofautisha wageni waliokaa nao miaka ishirini na wageni waliokuja jana na mizinga. Desemba 1889 Wajerumani wakamnyonga Pangani. Mnaona kejeli ya historia? Wale watu wa Alsace waliokaa mbali wakati Ujerumani ikiuchukua mji wa mama zao, Ujerumani ikawafuata mpaka Bagamoyo.

KINACHONIGUSA LEO

Ukitoka Dar kuja Bagamoyo, kilometa kama 70, angalia kando ya barabara kuanzia Bunju, Mapinga mpaka Kiromo. Kuta, mageti, mabango ya viwanja. Watu wanahamia pwani, wa kutoka bara na wa kutoka nje. Sina ugomvi na mtu kuhama. Mji wetu ulijengwa na wahamiaji, na Kaole pale magofu yake yanatuambia wageni wamekuwa wakishuka ufukweni tangu karne ya 13. Ninachouliza ni mtu anahamia vipi. Akifika anasalimia? Anajifunza nani mwenye mji? Njia ya wavuvi kwenda baharini anaiacha wazi au anaiziba kwa ukuta? Horner na makosa yake yote alijua kwamba hati bila majirani haitoshi.

Na upande wetu wenyeji nako kuna deni. Nyumba nyingi za mawe za mji wa zamani zimeanguka tukizitazama. Milango imeuzwa, boriti zimeoza, chokaa imebadilishwa na saruji ambayo inaziba unyevu ndani ya ukuta na kuuharibu. Mwaka 2006 serikali iliiandika njia ile kuu ya watumwa na pembe za ndovu, Bagamoyo ikiwemo, kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Orodha haipigi lipu. Nyumba za misheni zimesimama kwa sababu kila kizazi kuna mtu alipanda ngazi na ndoo ya chokaa.

Kwa hiyo ukija, usiishie kupiga picha na mnara. Ingia makumbusho, tembea mpaka makaburini, kisha tafuta pale palipokuwa Kijiji cha Uhuru, ukae kidogo. Kama kwenu kuna bibi au babu aliyetoka kwenye familia za misheni, muulize jina la aliyeshuka kwanza, na uliandike mahali. Majina ya mapadri tunayo tayari.

Nakaribisha maoni, hasa ya wenye ukoo wa Bagamoyo na Mhonda. Ule ulikuwa uhuru au haukuwa? Tubishane kwa adabu jamani.

Nawasilisha.